Nilimwambia Mama Ametoka Upepo

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye naombwa, maana mtaa huu hakuna anayeziba pancha kunishinda, na shule niliiacha kabla haijaniacha. Mama yangu ni fundi cherehani, anashinda amekaa, sasa presha ikampanda na magoti yakagoma, daktari akasema nyumba nzima tubadilishe mlo, sio yeye peke yake, basi tukajiunga na darasa la mapishi la kila Jumamosi pale ukumbi wa mtaa, mama, dada yangu na mimi, mwanamume pekee, na usidhani najisifu, kwa kukata mboga mwalimu mwenyewe ananiita Wembe. Tukajifunza kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina mpaka roho iridhike, maharage tukayaunga kwa nyanya na vitunguu tele, na mama akaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, hata magauni yake yaliyoanza kumpwaya akawa anayabana mwenyewe. Wiki mbili zilizopita nikapita anaposhonea, wateja wamejaa, nikamtania kifundi, "Mama, siku hizi umetoka upepo." Watu wakacheka mpaka basi, mmoja akampa pole, eti kumbe anaumwa. Tangu hapo mama hataki darasa, kijiko kakitupa kabatini, anakaanga kila kitu mpaka kinaelea, na jana ngazi zimemshinda katikati. Wateja gani hawa, Shangazi? Niwaambie nini wakome?

Wembe

Marahaba, Wembe. Wateja waache kwanza. Wewe fundi wa pancha, nijibu: tairi lililotoka upepo ni zima au bovu? Basi ndicho ulichomwambia mama yako mbele za watu, naye ameamua kujijaza upya. Najua ulitania kwa mapenzi, na sisi mtu akipungua tunampa pole kabla ya hongera. Lakini makali yako yamezidi mdomoni, mwanangu.

Ngazi zikiendelea kumshinda, mrudishe kwa daktari, usingoje. Leo usimhubirie. Ingia jikoni kabla hajainuka kwenye cherehani, kitoe kile kijiko, pika maharage ya darasani, mle wote chungu kimoja, asitengewe chake pembeni kama mgonjwa. Kesho pita tena kwa wateja walewale, useme kwa sauti ileile iliyowachekesha, "Mama, umekuwa mwepesi. Jumamosi tunakwenda darasani wote." Usiongeze utani hapo, hata ukikuwasha.

Neno likikukwama, rudi ukate vitunguu. Machozi ya hapo hayaulizwi.