Tumegawana Pampu, Wifi Yangu Anapumua Mimi Nazama

Mpendwa mama mshauri, shikamoo, naomba msaada maana nimechoka, nimechoka kweli, mimi nakaanga samaki hapa Nangurukuru, nina pumu tangu utoto, na hospitali walinipa pampu mbili, moja ya kufungua kifua ambayo nguvu yake inakaa nusu siku, nyingine ya kutuliza uvimbe wa ndani, wakasema nivute zote asubuhi na jioni, lakini wifi yangu Hafsa tunaishi naye nyumba moja, naye ana pumu na dawa zake ziliisha, na kwetu huwezi kula mwenzio anakutazama, basi tukagawana, mimi nikabaki na ya kufungua kwa sababu naisikia ikifanya kazi, yeye nikampa ile ambayo ukivuta ni kama umevuta hewa ya bure, sasa ajabu, Hafsa anateka maji huku anaimba, na mimi nikichochea moto tu lazima nikae chini, juzi nimeshindwa kumaliza kumtajia mteja bei, nimeanza kumwazia wifi vibaya, labda kanifanyia jambo, astaghfirullah, na nikimdai ataniita mchoyo na mume wangu atanuna, je, nimdai au niongeze kuvuta hii yangu?

Siti, Nangurukuru

Marahaba, Siti mwanangu. Pole sana, na sasa nikugombeze. Hakuna aliyekuroga. Mmejiroga wenyewe kwa ukarimu.

Hiyo uliyobaki nayo inafungua njia ya hewa, basi. Uvimbe wa ndani haiugusi. Ukiivuta peke yake unajiona nafuu huku uvimbe unazidi, na siku kifua kikibana kweli haitakuokoa. Wenye pumu wamekufa hivyo. Ikiwa pamoja na mwenzake ni dawa nzuri, usije ukaitupa kwa hasira. Hafsa anaimba kwa sababu ulimpa ile uliyoidharau! Na usiongeze hata mvuto mmoja.

Leo, si kesho, zima jiko uende hospitali na pampu yako mkononi, useme mmegawana, usione haya. Ya Hafsa usimnyang'anye, naye anaihitaji. Nenda naye, apimwe na apewe zake. Ukishindwa tena kumaliza sentensi, usingoje mtu arudi nyumbani, piga kelele upelekwe hapo hapo.

Gawaneni samaki, gawaneni khanga. Mume akinuna mwache anune. Mimi nimechoka kujibu barua za wanaume waliofiwa, wanaouliza kosa lilikuwa wapi.