Kabati la Baridi la Mama Nasra

Shoga yangu Zuhura,

Baridi imeshaingia Riyadh. Asubuhi vioo vya madirisha vinatoka jasho, na wanaume wa hapa mtaani Malqa wameshazitoa farwa zao, yale majoho mazito yenye manyoya ndani ambayo wewe ulikuwa ukisema yanamfanya hata dereva wa taka aonekane tajiri. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, mbele ya kabati lako la ukumbini, lile la kofia na glavu na majaketi. Sasa ni langu. Nimeolewa na Suleiman wako. Naanza na hilo kwa sababu si adabu mtu akuandikie barua kutoka nyumbani kwako bila kukwambia amefikaje humo.

Watu wa kwetu Unguja wanasema uliniusia watoto. Wanapenda kusema hivyo, nadhani kwa kunisitiri. Hukuniusia. Maradhi yako yalikuwa ya wiki chache tu, na mara ya mwisho tulipozungumza kwenye simu uliniuliza kama nimeshayapata yale mapazia ya kijani. Hukujua kama unakwenda, wala mie sikujua. Miaka miwili baadaye Suleiman alikuja Jeddah kikazi, akanitafuta, tukanywa chai, akalia. Safari iliyofuata hakulia. Safari nyingine akaniposa. Hivyo tu. Nikaacha kazi yangu ya uuguzi, nikafunga chumba changu cha Ruwais, kule Jeddah, nikaja huku kukutana na vitu vyako.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponifungulia kabati hili? Jeddah hakuna baridi, na mie kwa ujinga wangu nilidhani nchi ni moja na hewa ni moja. Nikashuka uwanja wa ndege kwa gauni la pamba chini ya baibui, meno yananigongana. Ulinifungulia mlango, ukaniangalia, ukacheka mpaka ukashika ukuta.

"Shoga, hii si Jeddah! Hapa utakufa umesimama."

Ukanivuta mpaka hapa. Ndani ya kabati kila kitu kilikuwa na pahala pake. Kulabu za chini za mwanao Nasra, ili azifikie mwenyewe, za kati zako, za juu za Suleiman. Glavu umezibana mbili mbili kwa vibanio vya nguo. Kofia za sufu kwenye kapu moja, skafu kwenye kapu jingine. Chini kabisa vitu vya jangwani: hema, vigingi vyake, tochi, mikeka, mifuko ya kulalia. Na katikati ya masweta ulitia vikoba vidogo vya karafuu, ulizoletewa kutoka kwenu, ili nondo wasitoboe. Ukanivisha sweta, ukanivalisha kofia mpaka kwenye nyusi, ukanifunga skafu kama mtoto anayekwenda skuli.

Nikaona wivu, Zuhura. Nakwambia kweli, sikuwa na haja na mume wako, hata sura yake sikuwa nimeishika vizuri. Nililionea wivu kabati. Nikamsikia Suleiman anaita kutoka chumbani, "Mama Nasra, kofia yangu iko wapi?" na wewe ukamjibu bila kugeuka, mikono yako bado shingoni mwangu, "Kapu la kushoto, chini ya ile ya buluu." Nikawaza, mtu akiwa na nyumba kama hii na sauti inayomwita kama hii, anataka nini tena? Mie nilikuwa na kitanda kimoja na feni.

Sasa sauti ile inaniita mie, na bado wivu haujaondoka. Umeongezeka. Zamani ulikuwa ukiunguza wali, ukisahau kurudisha simu, ukinuna. Leo huunguzi tena. Kila ninachokosea mie, wewe ulikipatia.

Wiki mbili zilizopita majirani walitualika kashta, matembezi ya jangwani, kwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Suleiman akafungua kabati, akasimama pale na kuuliza, "Glavu ziko wapi? Zuhura alikuwa akiziweka..." Kisha akanyamaza. Angemaliza tu lingekuwa jambo dogo. Kunyamaza kwake ndiko kulikonikata.

Basi Jumamosi nikasema, leo nalipanga kabati hili kwa mkono wangu. Nikatoa kila kitu, nikakitandaza sakafuni. Nilikuwa nikitafuta kosa lako, shoga. Glavu isiyo na mwenzake, sweta lililotobolewa, kofia chafu iliyorudishwa bila kufuliwa. Nilipekua mpaka mifuko ya majaketi. Sikupata. Karafuu zilikuwa zimekauka, lakini harufu yake bado ilikuwepo.

Nikatenga vinavyotosha na visivyotosha. Watoto wamekua, Zuhura, karibu nusu ya vitu vyao vimewakataa. Visivyotosha nikavitia kwenye mfuko, vikapewe wenye watoto wadogo. Nikahamisha kulabu za Nasra juu kidogo. Glavu sikuzibana tena, nikazitia kwenye droo, ili angalau kitu kimoja kiwe changu.

Halafu nikafika kwenye koti lako la kahawia. Sijui nilitaka nini. Nikalivaa. Lilinibana mabegani, mikono ikanifika juu ya kifundo. Na Suleiman akatokea mlangoni wakati huohuo. Nikauona uso wake unafunguka, Zuhura, ukafunguka kama sijapata kuuona tangu anioe, na kisha macho yake yakaufikia uso wangu, ukajifunga.

"Vua, Raya," akasema kwa upole. "Litakubana."

Nikalivua. Angenifokea ningejua la kumjibu.

Nasra alirudi kutoka chuoni na msahafu wake kifuani, akakuta mfuko mlangoni. Aliinama akauchimba kama paka, akatoa glavu nyekundu zenye mstari mweupe, zile ulizomfumia.

"Hizi zangu."

"Hazikutoshi tena, mwanangu. Nimekununulia nyingine nzuri, zina manyoya ndani."

"Mie si mwanao."

Alisema taratibu, bila hasira, kama anayenirekebisha hesabu. Akaingia chumbani nazo. Mie nikabaki na kulabu nilizozihamisha, nikakuchukia kwa muda wa kukunja sweta moja, kisha nikakulilia, kisha nikakuchukia tena.

Ijumaa tukatoka. Tulitandika mikeka nyuma ya gari ili tukinge upepo, lakini upepo wa jangwani haukingiki, unazunguka gari unakufuata. Majirani walikuwa wameshawasha moto. Nasra alivaa koti jipya na glavu zako. Zilimfika kwenye mafundo ya vidole tu, viganja viko nje, vyekundu kwa baridi. Zile nilizomnunulia zilikuwa mfukoni mwangu. Nikaziacha humohumo. Majirani wote wanamwangalia yule mtoto wa marehemu mwenye glavu zisizomtosha, na mie mama wa kambo nimekaa namwangalia. Ulikuwa umenishinda hata pale, kwenye mchanga, mbele ya watu.

Suleiman alikwenda kumsaidia jirani ambaye gari lake lilizama mchangani. Nikabaki na watoto. Idrisa wako, ambaye hawezi kukaa na kitu bila kukimwaga, akajimwagia kikombe cha maji mikononi, glavu zake zikalowa chapa. Nikamvua. Akaanza kulia, mikono kaiweka kwapani, anatetemeka.

Nasra alimwangalia. Akaangalia mikono yake mwenyewe. Kisha akazivuta zile glavu nyekundu, kidole kwa kidole, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akamvisha. Zikamkaa sawasawa.

"Usizitie maji hizi," akamwambia. "Kazifuma Mama kwa mkono."

Idrisa akaacha kulia. Akazigeuza geuza glavu, akauliza, "Mama gani?"

Hakuwa na ubaya, shoga. Alikuwa na miaka miwili ulipoondoka. Picha anaziona, lakini hajazihusisha na mtu aliyewahi kufuma.

Nasra akajiinua magotini. Akaangalia kule kwenye gari lililozama, kwa baba yake, akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia mie.

"Anti Raya, mwambie. Baba tukimuuliza huondoka. Wewe ulikuwa shoga yake."

Nilikuwa na la kuchagua. Ningeweza kumwambia ulivyokuwa hodari wa kupanga vitu, mpishi, msafi, mambo yote wanayoyasema watu. Lakini sikuwa na nguvu ya kukusifu zaidi siku ile. Nikamsimulia lifti.

Nikamwambia kwamba mama yao alikuwa akija kwangu Ruwais kila likizo ili aone bahari, na kwamba nilikaa ghorofa ya tano, na kwamba mama yao alikuwa akiiogopa lifti kuliko simba. Kila siku akipanda ngazi, Nasra mwenyewe kiunoni, tikiti maji mkono wa pili, akifika juu hana pumzi, na akiulizwa anasema, "Napenda mazoezi." Mpaka siku moja bawabu akamuonea huruma, akampokea tikiti akaliingiza kwenye lifti, na mama yao akaona haya kukataa. Mlango ulipofungwa alifumba macho akaanza kusoma kila dua anayoijua kwa sauti. Akasoma ya safari. Akasoma ya kuingia msikitini. Akasoma mpaka ya kula chakula. Na humo ndani mlikuwa na mzee mmoja wa Kiyemeni, haelewi kuna nini, lakini kila dua ikiisha anaitikia, "Amin! Amin!"

Nasra alicheka. Sijapata kumsikia anacheka hivyo, ni kicheko chako kabisa, kile cha kushika ukuta. Akasogea mpaka bega lake likanigusa.

"Akasoma dua ya kula? Kweli?"

"Wallahi. Na tikiti likadondoka."

"Endelea," akasema, na huku akinitazama mdomoni akanipa mkono wake mmoja, baridi kama samaki. Nikatoa glavu mpya mfukoni nikamvisha. Akanipa wa pili. Sidhani kama hata alijua anafanya nini. Alikuwa akikusikiliza wewe.

Ndivyo tulivyo sasa, Zuhura. Kila siku baada ya Magharibi wanakuja wote wawili, mmoja kila upande, wanataka hadithi ya Mama. Mtoto aliyenikataa analalia paja langu, na ninajua hakuja kwangu, kaja kwako kwa kupitia kwangu. Nashikwa na wivu hapohapo nikiwa namchezea nywele. Suleiman naye siku za mwanzo alikuwa akitoka akienda kuzungukazunguka jikoni. Juzi alisimama mlangoni. Jana aliketi. Nilipofika mahali uliponuna kwa sababu nilikula maandazi yako, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi aliwahi kuninunia kwa maandazi," na watoto wakamrukia aeleze. Akaeleza. Nikamsikiliza mume wangu akikusimulia, na niliumia, na sikutaka anyamaze.

Koti lako la kahawia nimelirudisha kwenye kulabu. Nasra amesema atalivaa akikua, na mie nimemkubalia. Glavu anataka zibaki kwenye droo, anasema ni rahisi kuzitafuta. Nilifurahi kupita kiasi kwa kitu kidogo kile.

Lakini kilichonifanya nikae sakafuni nikuandikie ni Idrisa. Jana tulipomaliza alibaki peke yake, akauliza, "Na wewe, Anti? Wewe unaogopa nini?"

Ni mara ya kwanza katika nyumba hii mtu kuniuliza jambo langu mwenyewe. Nilitaka kumjibu vizuri. Nikatafuta, na jawabu lililokuja lilikuwa moja tu, na mtoto haambiwi maneno kama hayo, kwamba mie namuogopa mama yake.

Nikamwambia naogopa paka. Akanikumbatia shingo, akasema atanifukuzia.

Mola akupe raha huko uliko, shoga yangu. Nitaendelea kuwasimulia, wala sitapunguza hata chembe. Ila niache na mie nipendwe kidogo.

Mimi, shoga yako, na mama wa kambo wa wanao,
Raya