Laini za Kahawa Ulizonipa

Kwako Mama, uliyenizalia mume,

Leo ni Jumamosi na nimetoka shambani kwako sasa hivi, matope bado yako kwenye viatu. Najua barua hukuzipenda. Ulikuwa ukisema mtu mwenye neno alilete mwenyewe, anywe chai, aseme. Ungekuwepo ningekuja. Neno lenyewe ni la shamba, na sina mwingine wa kumpelekea.

Unakumbuka nilivyofika Dagoretti mara ya kwanza baada ya harusi? Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hukunipa hata hizo mbili. Nilikuja na viatu vya ofisini, nywele nimetoka kuzitengeneza Kenyatta Market asubuhi hiyo hiyo, mtoto wa Woodley, mtaa wa mjini Nairobi, ambaye hata kwenye kikombe kahawa hakuijua, maana kwetu tulikunywa chai. Ulinitazama juu hadi chini, ukanifunga leso yako kiunoni, ukanipa kikapu. Kikuyu changu kilikuchekesha sana, basi tukazungumza Kiswahili, na tukaendelea hivyo miaka yote.

Siku hiyo nilichuma kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza. Nyekundu, kijani, majani, vyote ndani. Ulisubiri hadi tulipofika kiwanda cha kahawa jioni, ukamwaga kikapu changu juu ya gunia mbele ya wanawake wote wa pale, ukaniambia nikae chini nichambue, mbivu huku, mbichi kule. Walicheka hadi wakafuta machozi. Mmoja aliuliza kama bibi arusi wa town alidhani ni njegere. Nilikasirika, Mama, sikufichi. Lakini ni pale pale kwenye magunia nilipojua majina ya watu, nani amejifungua, nani hasemezani na mumewe, na baada ya msimu mmoja nikifika walikuwa wananisogezea nafasi.

Jambo moja tu lilikushinda kunifundisha: kubeba mzigo mgongoni kwa kamba ya kichwani. Nilikataa kwa ajili ya nywele zangu. Ulisema basi nibebe na bega, na bega likiuma nisikuambie. Liliuma, na sikukuambia.

Alipozaliwa binti yangu Ciru, tukampa jina lako kama ilivyo desturi, uliniita shambani. Uliwaita pia wanao wawili, Kimani, yule mkubwa, na mume wangu, wasimame wasikie. Uligusa mti wa kwanza pale mteremko unapoanza, ukateremka polepole ukagusa wa mwisho karibu na mto, ukasema laini zote za miti hapa katikati ni za Mama Ciru. Mama mkwe wako alikufanyia hivyo hivyo ulipoolewa. Baadaye ulinieleza maana yake: kitu mke amegawiwa namna ile, aliyempa hawezi kukichukua tena, na wanawe hawawezi. Mwenye kukitoa ni yeye mwenyewe peke yake.

Sikuwa nimewahi kuwa na kitu. Nyumba ya Woodley ilikuwa ya baraza la mji, mashine niliyopigia chapa mjini ilikuwa ya ofisi. Kwa hiyo nilizipenda zile laini kuliko nilivyoonyesha. Jumamosi saa saba tulipofunga ofisi, wenzangu waliteremka madukani kutazama viatu, mimi nikaja kwako. Nilipanda maharagwe katikati ya miti. Nilijifunza kupogoa, kazi ambayo bwana shamba aliwafundisha wanaume tu, halafu wanaume wakakuachia wewe. Ulikuwa ukisema kahawa ni ya mwanamume siku ya malipo, na ni ya mwanamke siku zingine zote. Ulisema hivyo bila uchungu, huku ukinoa kisu kwenye jiwe.

Halafu Njeri akarudi. Binti yako alitoka kwa mumewe na watoto wawili na sanduku moja, na hakuna aliyemuuliza sana, maana uso wake ulikuwa umejibu. Ulimpa kitanda nyumbani kwako. Kimani alisema hana neno, akae kama mgeni mpaka apate bwana mwingine. Njeri akawa mgeni anayeamka kabla ya wenyeji. Alichuma kwako, akachuma kwa Kimani, akachuma kwangu siku nilizokuwa mjini. Sikuwahi kumsikia akisema "kwangu".

Jumamosi moja tulikuwa wawili tu kule chini, wewe na mimi. Ulikaa juu ya gunia, jambo ambalo hukulifanya kazi ikiwa haijaisha, ndipo nikajua una neno.

"Mama Ciru, kitu nilikupa siwezi chukua," ulisema. "Lakini kuomba naweza. Wewe uko na bwana, na uko na kazi ya town. Njeri ako na mikono tu. Mimi nikienda, huyu Kimani atamtoa hapa, na hata hatamfukuza. Atajenga tu mpaka Njeri akose mahali pa kusimama."

Nilichuma mpaka mwisho wa laini, nikarudi kwa laini nyingine, na moyoni nilikuwa nakulaumu: miti yote hii, na unaomba ya yule aliyekuja na viatu vya ofisini. Nilikaa na neno hilo wiki kadhaa. Mume wangu sikumwambia, kwa sababu nilijua jibu lake. Kilichonibadilisha hakikuwa kikubwa. Siku moja Njeri aliniomba ruhusa ya kuchuma mboga za maharagwe aliyoyapalilia yeye mwenyewe, kwenye ardhi alikozaliwa. Aliomba kama mtu wa jirani. Niliona aibu kwa niaba yetu sote.

Nilikuja nikakuambia umpe. Ukatikisa kichwa.

"Mimi sina. Wewe ndio utampa. Na utampa nikiwa sipo, mbele ya hawa vijana. Nikiwa hapa watasema ni mimi nilikusukuma."

Nilikuahidi. Hukunishukuru, ulisema tu mvua inakuja tuanue magunia.

Uliondoka miaka ilipokuwa migumu kwa kahawa. Bei ilikuwa imeanguka na watu wamekata tamaa. Kung'oa miti ilikuwa kosa, chifu alikuwa anamwita aliyeng'oa, basi wakaiacha ife yenyewe kwa magugu. Mji nao ulikuwa umefika mlangoni, vyumba vya mabati vya kupangisha vinaota kila upande. Tulikuzika, na baada ya siku za matanga wanao waliketi na wazee wawili wa ukoo kugawana shamba. Sisi wanawake tulikaa upande wa jikoni, mlango wazi.

Kimani alitaja sehemu ya juu kuwa yake. Mume wangu akapewa ya chini, pamoja na laini zangu. Njeri, walisema, ataendelea kukaa nyumba ya Mama mpaka Mungu amfungulie njia. Nilimwona mume wangu ametulia. Nilijua hesabu yake ya moyoni: kujenga vyumba kule chini, na chetu cha kuishi, tuachane na nyumba ya kanjo, ile ya baraza la mji. Ilikuwa ndoto yangu pia. Hilo, Mama, hukuliweka kwenye ombi lako.

Nilisimama mlangoni. Nilisema zile laini Mama alinigawia wanawe wakiwa wamesimama hapo, na kama kuna anayekana aseme. Hakuna aliyekana. Nikasema basi mimi nimempa Njeri, yeye na watoto wake, na sitazidai.

Kimani alicheka kidogo. Mzee mmoja akaniuliza kama mume wangu anajua. Nikasema anajua sasa. Yule mzee akamwambia Kimani kwamba kama zilitolewa kwa desturi, zimetoka kwa desturi, na yeye hana la kuongeza. Njeri hakuinua macho. Alikuwa ameshika sufuria ya chai, na hakuiweka chini mpaka watu walipoanza kuondoka.

Tulirudi Woodley, mume wangu akitangulia njia nzima. Nyumbani aliniuliza swali moja.

"Na watoto wetu?"

Nilimwambia sehemu nyingine ya chini bado ipo, ni ndogo lakini ni yake. Alisema hakuuliza ukubwa. Tuliishi hivyo muda mrefu, tukila meza moja na kupeana chumvi kwa adabu. Kuna siku nilikulaumu tena, nikakuita majina ambayo sitayaandika. Kuna siku nilikumiss tu, nikatamani kukaa chini kwenye gunia, nichambue, nichekwe.

Sasa nikuambie ya leo. Kimani kwake hakuna mti hata mmoja, ni mabati na kamba za nguo. Kahawa iliyobaki ni ya Njeri, na ameipogoa vizuri, ameweka na maharagwe mapya ambayo yameanza kutoa maua. Nilikuwa naenda kumsaidia kuchuma, mume wangu akasema atanisindikiza. Sikumuuliza kwa nini. Alitaka kuteremka mtoni kuona kama mpaka wake unafika kwenye maji, na njia fupi inapita kwenye zile laini. Nilimwona amefika mti wa kwanza, akasimama. Njeri alikuwa katikati, kikapu kiunoni.

"Njeri," alimwita, "naweza pitia kwako?"

Njeri aliendelea kuchuma kidogo, Mama. Alimaliza tawi lile.

"Pita," akasema. "Lakini usikanyage maharagwe."

Akapita pembeni, mguu mmoja mbele ya mwingine, ameshikilia suruali.

Pumzika sasa, Mama. Neno lako nimelifikisha.

Mke wa mwanao,
Mama Ciru