Mlango wa Jikoni Siku Hizi Haugomi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwacha? Natumaini barua hii itawakuta nyote mmeamka salama. Sisi huku hatujambo, ukiniondoa mimi niliyenuna na Mama aliyefungwa plasta mkono wa kulia. Usishtuke, nitafika huko. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi nimalize sentensi. Karatasi utaivumilia.

Kaka, kuuza hii nyumba kumenitoa jasho mpaka la kisigino. Dalali tuliyempata ana maneno ya asali. Ule ufa wa sebuleni anawaambia watu ni dalili kwamba nyumba imeshatulia. Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la vifaa vya umeme, mtu mnene, mpole. Akaomba kwenda msalani. Kuingia aliingia. Kutoka ndiko kulikomshinda, maana nani angemwambia kwamba ule mlango unainuliwa kitasa, unapigwa teke chini, halafu ndipo unavutwa? Mama akasimama nje akimfundisha kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Inua! Haya, teke! Chini baba, chini!" Yule bwana alitoka amelowa jasho, akashukuru, akaondoka bila kuona hata chumba kimoja.

Wa pili alishindwa kuingia jikoni, akasema nyumba haimtaki.

Unajua kosa ni la nani. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani hodari, akaamini kwamba anayeweza kukata suruali hawezi kushindwa kukata mlango. Akanunua mbao mbichi, akakataa ushauri, na sisi tukakua tukijifunza milango kama watoto wengine wanavyojifunza kuhesabu. Wa jikoni ni bega la kulia, kwa nguvu, bila huruma. Hata mimi nikiwa usingizini bega langu linaukumbuka.

Basi nikaita seremala. Mama alikuwa amepelekwa kliniki ya macho, nikaona ndiyo nafasi. Akapiga randa, akabadilisha bawaba, na jua lilipoanza kushuka kila mlango ulikuwa unafunguka kwa kidole kimoja. Nilifurahi kama mtoto, nikawa nazunguka nafungua na kufunga. Mama akarudi amechoka, akaenda moja kwa moja kulala. Kumwambia sikukumbuka.

Asubuhi akaamka kwenda kuchemsha chai. Akauendea mlango wa jikoni kama alivyouendea tangu wewe ukiwa mgongoni mwake, akatanguliza bega kwa nguvu zote, na mlango haukumzuia hata kidogo. Nilimkuta amekaa sakafuni ameshika mkono wake. Neno la kwanza likawa, "Nani kaniharibia mlango?" Nilicheka, Kaka. Halafu nikaona mkono ulivyokaa, nikalia mpaka hospitali.

Wiki iliyofuata bahati ikatuangukia. Alikuja muuguzi mmoja na mumewe, fundi wa mafriji. Walizunguka vyumba vyote bila kukwama popote, mke akapima jikoni kwa hatua zake, bei wakaikubali bila kelele. Mama mwenyewe akawaonyesha dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeshamwekea Mama vyumba viwili ukuta kwa ukuta na kwangu, pasipo ngazi wala kona, ili asilale peke yake na macho yale, na mimi nirudi kulala kwangu. Shemeji yako siku hizi nikipita nyumbani ananikaribisha kama mgeni.

Ndipo ukampigia simu dalali. Si mimi, si Mama. Dalali! Ukamwambia nyumba haiuzwi, ni kumbukumbu ya Baba, unataka siku ukirudi uikute kama ulivyoiacha. Yule mtu akaniuliza nyumba hii ina wenyewe wangapi, nikakosa pa kuuficha uso. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu sisi wewe hupo, na lako ndilo lililopo peke yake.

Na Mama, nikimbana, ana jibu moja tu: "Tungoje kaka yako aseme." Kifungua mimba ni kifungua mimba, hata akiwa mbali kiasi hicho. Muuguzi amesema wao watangoja mpaka mwisho wa mwezi, kisha watatafuta kwingine. Mwenye vile vyumba viwili naye kasema hivyo hivyo. Nimechoka, Kaka. Nimekukasirikia, na ni afadhali ulijue.

Lakini acha nikueleze ninachokiona hapa, halafu useme utakalo. Tangu aanguke, Mama anasimama mbele ya kila mlango. Ananyoosha mkono wa kushoto, anagusa kwa ncha za vidole, anangoja kidogo, ndipo anapita ubavuubavu. Ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jana nimemkuta amesimama penye mlango wa jikoni, mkono mbele, anautafuta. Mlango ulikuwa wazi. Nikamshika kiwiko tukapita pamoja.

Kwa hiyo, nyumba hiyo unayoilinda usije ukaikuta imebadilika, haipo. Iliondoka na randa ya seremala, na maranda yake niliyafagia mwenyewe.

Mpigie Mama. Mama, si dalali. Mwambie, "Nenda." Neno hilo kutoka kwangu halimtoshi, nimeshalijaribu. Na kama una nauli na moyo, njoo umwambie kwa kinywa chako kabla mwezi haujaisha, upite jikoni umshike mkono ule mzima. Ila ukija usitangulize bega.

Msalimie sana wifi, na yule mtundu wenu wa mwisho mwambieni shangazi yake anamdai meno ya mbele ayaone kwenye picha. Shemeji yako anakusalimu. Mama anasema ule vizuri.

Mungu akufungulie kila mlango, ila taratibu.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,

Chiriku