Viatu Ulivyovivua Ukingoni

Baba Neema, mume wangu,

Viatu vyako bado viko chini ya kitanda. Neema alishauri tumpe mjomba wake, kwa kuwa ngozi ingali nzima. Nikamwambia vitambana. Wala visingembana, sitaki tu vitoke humu ndani.

Unakumbuka ulivyonichumbia? Ulikuwa unauza asali Itigi, karibu na stesheni, na kila mwisho wa mwezi unakuja kwetu Mitundu kwa baiskeli, safari ya kutwa, unafika mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Siku ya harusi mchungaji akasema Mungu alituandika pamoja kabla hatujazaliwa. Vigelegele vikapigwa. Wewe ukaniinamia sikioni: "Alituandika, sawa. Lakini pedali nilikanyaga mimi." Nilicheka mpaka shangazi akanifinya.

Tuliendelea kubishana hivyo miaka yote. Mimi nilikuwa mtu wa "imepangwa". Mvua ikichelewa, imepangwa; nyuki wakihama mzinga, imepangwa. Wewe hukukosa ibada, na uliomba kwa moyo kuliko mimi, lakini neno hilo lilikukera. "Nani kakuonyesha huo mpango?" ulikuwa ukiniuliza. Nakuita mbishi, nanuna kidogo, halafu nakupakulia ugali.

Kisha ikaja ile mvua. Tulikuwa tunatoka shambani na korongo limeanza kujaa. Tulivuka tukiwa tumeshikana mikono, na ng'ambo ukavaa viatu vyako tena, ukafunga kamba. Ndipo tukasikia ukelele. Bi Mwajuma, jirani yetu, alikuwa nyuma yetu, maji yamemzidi, ameng'ang'ania kichaka katikati ya korongo.

Hukukurupuka, na hilo ndilo ninalolirudia kila siku. Uliyatazama maji, ukanitazama mimi. Ukafungua kamba, ukavua viatu, ukaviweka sambamba juu ya jiwe, simu ukaitia ndani ya kimoja. Nilikukamata shati. Ukasema taratibu, "Niachie, Mama Neema. Nimeshamwona." Ulimfikisha ukingoni, nami nikamvuta mkono. Nilipogeuka, gogo lilikuwa limekupiga, na wewe hupo.

Msibani wote walisema neno moja. Siku yake ilikuwa imefika. Bwana ametwaa. Walikuwa wananipenda, najua, na mimi mwenyewe nimeyasema hayo hayo kwenye misiba ya wenzangu bila kujiuliza nimeyajuaje. Safari hii yalikataa kuniingia. Kama iliandikwa, basi hukwenda, ulipelekwa tu kama lile gogo, na vile viatu ulivipanga bure.

Lakini nikisema uliamua, linazuka jingine, nalo linauma zaidi. Mbona hukuamua kubaki na mimi? Nakukasirikia, Baba Neema. Nakukasirikia nikipepeta alizeti, nakukasirikia hata kanisani. Tukifika pale pa "mapenzi yako yatimizwe" nanyamaza, wenzangu wanaendelea. Bado namwamini Mungu. Ila mpango wake sijauona, na sijakutana na aliyeuona. Nilichokiona mimi ni mtu anafungua kamba za viatu.

Bi Mwajuma huja Ijumaa akitoka msikitini, na maziwa kwenye kibuyu. Anakaa mkekani, hanitazami usoni. "Mungu ndiye aliyemtuma mumeo," husema, nami huitikia, kwa kuwa naona neno hilo linampunguzia mzigo. Ijumaa iliyopita nilishindwa kuitikia. Niliingia ndani nikatoka na viatu vyako, nikaviweka mbele yake, nikamsimulia ulivyovivua, maana yeye kule majini hakuona.

"Hakutumwa, Bi Mwajuma," nikamwambia. "Alikuona, akaja mwenyewe."

Alivipakata. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike alinitazama usoni, akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye. Maziwa yalibaki hapo hapo mpaka yakaingia nzi.

Hasira haijaisha, usidhani. Nimekubali tu kukaa nayo, kwa sababu nikiitupa itabidi nikutupe na wewe uliyesimama pale ukachagua. Pumzika, mbishi wangu. Viatu nitavipaka mafuta visikauke.

Ni mimi mkeo, uliyemfuata kwa baiskeli,
Mama Neema