Ngata ya Immakulata

Jumanne, 6 Septemba 1977

Nimerudi Kasulu saa kumi na moja jioni, mgongo umelowa, koo limekauka. Saumu na pikipiki havipatani. Siku nzima maji ya barafu yananichuruzika mgongoni, na mimi hata tone siruhusiwi kumeza.

Mzigo ni uleule. Kopo la dawa ya kuchanja surua — vichupa katikati, barafu pembeni — limezungushiwa maranda na gunia, likatiwa ndani ya shanta, shanta mgongoni. Chupa kubwa ya chai tuliyokuwa tukibebea dawa ilipasuka mwezi wa tano. Nyingine tunaambiwa iko njiani. Kwenye keria nilijaribu kufunga kopo mara moja tu, mashimo ya barabara ya Munanila yakavunja vichupa sita. Mgongo wa mtu haurukiruki hivyo. Tena una faida: maji yakiwa baridi, dawa nzima. Yakianza uvuguvugu, nageuza, nawaomba mapadri wa njiani barafu ya friji yao. Kipimajoto changu ni uti wa mgongo.

Hasara yake, mwenye shanta habebi mtu. Watu wananisimamisha njiani, wanaona mgongo umejaa, basi wananipa mizigo badala yao. Leo barua tatu, mundu mmoja, na kuku kwenye usukani. Mwaka wa pili huu, kiti cha nyuma hakijakaliwa.

Immakulata, nesi wa zahanati ya Munanila, kaliona shati. Kauliza mwanamume mzima analowaje kama mtoto mchanga, hana mtu wa kumkausha? Nikacheka. Sina.

Jumanne, 13 Septemba

Immakulata kanipa zawadi. Ngata — ile duara ya majani makavu ya mgomba wanayoweka wanawake kichwani chini ya mtungi. Ila hii kubwa, kaisuka kwa kipimo cha kopo langu. Kasema niiweke kwenye keria, kopo juu yake, nifunge kwa mpira wa baiskeli. Wanawake wa kwao wanapanda mlima na mtungi juu ya ngata na maji hayamwagiki.

Kwao ni Burundi. Alivuka mwaka sabini na mbili, peke yake, na sanduku moja. Mengine hasemi, na mimi siulizi. Nikamwambia merci, asante ya Kifaransa cha kwao. Kacheka mpaka kaziba mdomo.

Nimeiweka mezani. Kumbe kuna mtu alikaa siku kadhaa akiufikiria mgongo wangu. Nimefurahi kupita kiasi, nami najijua, nikifurahi hivi huwa naharibu.

Alhamisi, 15 Septemba

Idi. Kanzu nimeipiga pasi mwenyewe. Tumeswali, tumepeana mikono, kila mtu akaenda kwake. Mwanaamina, mwenye nyumba wangu, kaniletea sahani ya pilau mlangoni. Kasema angenikaribisha ndani, ila ndugu za mumewe wamejaa. Nimekula nimesimama.

Mwaka juzi mke wangu alikuwepo. Karudi kwao Pangani, kasema milima hii na baridi yake vyote nimeachiwa. Sina hata wa kumwandikia salamu za Idi.

Jumanne naijaribu ngata.

Jumanne, 20 Septemba

Nimeitumia. Mgongo mkavu! Upepo unapita ndani ya shati, nimeimba njia nzima. Hata pancha nimeiziba bila kutukana. Saa nzima na ushee, pikipiki juani, kopo juu ya keria linapigwa na jua. Wazo la barafu halikunijia. Ningekuwa na shanta ningejua.

Immakulata alikuwa mlangoni. Kuona kopo limetulia, hakuna hata kichupa kilichovunjika, kawaita akina mama waje watazame. Kapiga makofi. Nikatia mkono kwenye kopo. Barafu hakuna. Maji kama ya kuogeshea mtoto.

Watoto thelathini na mmoja. Wengine mama zao walitoka nyumbani na giza. Dawa hii ikishapata moto haina kazi, ni sawa na kuchoma maji. Najua, nimewafundisha wengine. Nilipaswa kuimwaga, niwaambie warudi wiki ijayo, niseme na sababu mbele yake. Nikamtazama anavyoishika ile ngata.

Nikachoma. Wote. Kadi nimetia sahihi.

Jumatano, 21 Septemba

Labda haikupata moto sana. Labda.

Jumanne, 4 Oktoba

Zamu ya Munanila. Nimesema pikipiki mbovu, kama wiki iliyopita. Si mbovu. Imesimama uani, Mwanaamina kaanikia kanga juu yake.

Jumamosi, 8 Oktoba

Felisiani, dereva wa lori la maharage, kaniletea barua ya Immakulata. Surua imeingia. Watoto wanne wa orodha yetu wamelala, kadi wanazo. Mama wa mmoja, Kezia, anasema ubaya uko kwenye sindano za mkimbizi. Wenzake wamemwitikia, hata maji hawanywi kwake. Kaandika mwishoni: njoo uwaambie, wewe wanakuamini.

Wewe wanakuamini. Nimeisoma mara nne, nikaenda kukaa chooni ili Mwanaamina asinione.

Bado ishirini na saba. Mama zao wanadhani wana kinga.

Jumatatu, 10 Oktoba

Kibondo na kurudi, vumbi mpaka masikioni. Friji ya Kasulu haina dawa. Harerimana, mtunza friji wa Kibondo, kauliza mbona tunamaliza upesi. Nikamwambia nimezipika juani. Kacheka, kasema watu wa pwani kwa utani hatuwawezi, kanihesabia vichupa. Sikurudia.

Kuna jambo linanitesa. Kiha, lugha ya huku, sijui. Miaka miwili nikisema Munanila, Immakulata ndiye ananitafsiria. Kwa hiyo kesho nikikiri, ni mdomo wake utakaowaambia akina mama kwamba kopo lilikaa juani kwenye ngata yake. Siwezi kumpa mzigo huo. Nimemwomba Felisiani anifundishe kwa Kiha: kosa ni langu. Basi, hayo tu. Kauliza nina kesi gani. Nimeyaandika kwenye kiganja.

Jumanne, 11 Oktoba

Munanila, saa nne asubuhi. Shanta mgongoni, sijalivua. Maji baridi.

Akina mama wamekuja kwa sababu katibu wa kijiji kawalazimisha. Wamekaa ng'ambo ya uwanja, juani. Zamani walikaa barazani kwa Immakulata, wakisukana naye. Kezia yupo, kashika kadi yenye sahihi yangu. Mtoto hakuja naye.

Immakulata kanipokea, kakonda. Katazama keria. Tupu. Kauliza ngata iko wapi, imekatika? Nikasema ipo. Ipo kweli, nimeifunga kwenye shuka chini ya kitanda, sikuweza kuitupa. Kasema pole na mgongo, kaingia kuchemsha sindano. Dakika ishirini.

Nimekaa juu ya pikipiki naandika. Jasho limeanza kuyafuta maneno ya kiganjani, basi nayasema polepole nisiyasahau. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu nadhani nimeyatoa kwa sauti, maana akina mama wawili wamegeuka, na Immakulata kaja mlangoni na koleo la sindano mkononi.

Kosa gani, Bwana Gharibu?

Kauliza taratibu, kwa Kiswahili, wao wasielewe. Anangoja. Naandika ili nisiinue uso. Maji bado baridi