Modemu Iliyolishwa Unga

Bukavu, Ijumaa alasiri

Mama yangu mpenzi,

Asalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiwa umesimama utaisoma huku unachambua mchele, na hii inataka utulie. Goti lako linaendeleaje? Je, joto la Kigoma limelipunguzia maumivu, au ni yale yale ya Uvira? Na chakula unakula, au unagawia watoto wa watu kama kawaida yako? Sisi huku, mimi na mdogo wangu, mwanao Zabibu, tuko wazima wa mwili. Mengine nitakueleza, na usinikatize kabla sijamaliza. Nakujua.

Tumefungiwa, Mama. Sina neno jingine. Barabara ya kushuka Uvira haipitiki, mpaka wa Ruzizi umefungwa, boti hazitoki. Mji uko mikononi mwa askari walioingia Jumatatu, na wale waliokuwepo kabla wamepanda milimani, kila upande unamvizia mwenzake. Nyumba hii ya shirika ninayoitunza hapa Nguba ina geti la chuma, na kwa siku tano nimelitazama lile geti mpaka najua kila mahali lilipoota kutu. Nikiwa ndani nataka kutoka, nikifika getini nataka kurudi ndani.

Njia ilibaki moja tu. Kabla mambo hayajaharibika, bosi wangu Madame Solange, aliyeko Bujumbura, aliniandikia kwa kompyuta kwamba Jumamosi, yaani kesho, ndege ndogo itatua Kavumu kisha ije huko kwenu Kigoma. Alikuwa anatuombea viti viwili, changu na cha Zabibu. Angenijulisha vimepatikana vingapi, nami nimrudishie majina kamili kabla ya leo saa sita mchana, kwa sababu orodha inapelekwa kwa wakubwa wa uwanja na asiyemo hapandi hata alie machozi ya damu. Simu hazishiki. Kwa hiyo maisha yetu yote yakawa kwenye kisanduku cheusi kinachoitwa modemu.

Nikueleze, usije ukadhani ni redio. Jirani yetu mfanyabiashara ana dishi kubwa juu ya paa. Anashika internet kutoka angani, halafu anaigawa kwa waya mnene kwenye nyumba sita. Waya ukifika kwetu unafungwa kwa kuzungushwa nyuma ya modemu, na modemu inaongea na kompyuta. Ina taa nne. Zikiwaka zote bila kupepesa, barua zinapita.

Jumatatu risasi zilipoanza, jirani alizima kila kitu. Kesho yake askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta phonie, zile redio za kuongea na watu wa mbali, na mwenye chombo chochote cha taa na waya alihesabiwa msaliti. Nikamwambia Zabibu afiche modemu darini, mimi nikaenda kupanga foleni ya maji. Walipokuja walipanda moja kwa moja darini. Hawakukuta kitu. Wakachukua mablanketi na sufuria kubwa, wakaenda zao. Niliporudi modemu ilikuwa mezani pake, inang'aa, nikamshukuru Mungu wala sikuuliza mengi.

Mmoja wao alirudi Jumatano, peke yake.

"Maman, leta mayi ya kunywa," akasema getini.

Nikampa. Alikunywa polepole, macho yake yakipita juu ya bega langu mpaka kwenye kamba ya nguo, Zabibu alikokuwa anaanika.

"Na ule mutoto njo nani? Jina yake nani?"

Nikamwambia ni mke wa mtu na mumewe yuko njiani. Akacheka. "Ah, maman. Nitarudia kunywa mayi."

Mama, mwanao ana miaka kumi na saba. Tangu saa ile sikumruhusu tena kukanyaga uani, na nguo tulizianika jikoni.

Jana asubuhi jirani akapata mafuta ya jenereta, akawasha dishi lake. Nyumba tano zikapata. Yetu, hapana. Taa ya kwanza iliwaka, ya pili ikapepesa, ikapepesa, ikakata tamaa. Nikachomoa kila kitu, nikahesabu hadi sitini kama tulivyofundishwa, nikachomeka modemu kwanza na kompyuta baadaye. Wapi! Nikabadilisha tundu la umeme wetu wa sola. Nikaufuata waya kwa vidole, ukuta mzima, mpaka kwenye uzio wa jirani, nikitafuta ulikopigwa risasi. Waya mzima kabisa. Nikaanza kuitukana ile mashine kwa Mashi, lugha ambayo mpaka leo sijui vizuri ila matusi yake.

Kupitia kwa mama anayeuza mboga nikamwita fundi aliyevuta zile nyaya, Papa Deo, anayekaa Cimpunda. Aliteremka kwa miguu, vifaa vyake amevificha chini ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo, ili aonekane mtu wa soko.

"Maman, iko na taa ngapi yenye inawaka?"

"Moja na nusu."

"Nusu hakuna mu modemu, maman. Inawaka ao haiwake."

Akaenda kwa jirani, akaazima modemu yake, akaifunga kwenye waya wetu. Taa nne! Nilitaka kuing'ang'ania ileile nisome barua yangu, lakini jirani alikuwa amesimama mlangoni anaisubiri, hata dakika tano hakukubali, na ana watoto wake Goma ambao hajui walipo. Papa Deo akairudisha. "Waya yenu haina kosa. Kosa iko mu hii yenu." Akaigeuza modemu yetu, akaliangalia tundu la waya, kisha akalisogeza puani.

"Maman, samahani. Hii masini muliikulisha bugari?"

Modemu kula ugali! Nikamgeukia Zabibu. Alikuwa ameshaanza kulia.

"Unisamehe, Yaya, dada yangu. Kila mutu anajua bale basoda banaanzaka darini. Njo nikaizika mu ndoo ya unga."

Hapo hana kosa, Mama; askari huanzia darini kweli. Kama angenitii mimi, ingekuwa imekwenda na mablanketi. Kosa lake ni usafi uliomfundisha wewe. Alipoifukua, aliona haya kuirudisha mezani ikiwa nyeupe, akaifuta kwa kitambaa kibichi, tena akakisokota kitambaa akasafisha mpaka ndani ya tundu. Unga wa muhogo na maji, Mama! Wewe mwenyewe ulitufundisha kubandikia bahasha kwa huo huo. Umeganda mle ndani kama simenti, na yeye ameogopa kuniambia. Nilimfokea maneno ambayo sitayaandika hapa. Nimeshamwomba radhi.

Papa Deo alichokonoa kwa sindano kwa zaidi ya saa nzima, halafu akaomba pombe kali ya kusafishia. Nyumba ya Waislamu, pombe tutoe wapi? Akaona chupa yangu ya manukato kabatini, akasoma maandishi yake. "Hii iko na alcool. Itafaa." Ikaisha yote, modemu ikanukia kama bibi harusi. Nikataka tuiwashe palepale, akakataa, akasema ikiungua njo mwisho, na tena haraka haina baraka. Nikamwambia ndege nayo haina subira. Hakunisikiliza. Tukaianika kwenye ungo juani, naye akapanda kwake Cimpunda mapema.

Leo alirudi saa nne asubuhi. Akafunga waya, akachomeka, akarudi nyuma hatua mbili. Taa ya kwanza. Ya pili ikapepesa, ikatulia. Ya tatu ikachelewa mpaka nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Ya nne. Papa Deo akatoka barazani, upande usioonekana getini, kuvuta sigara na kukaa na Zabibu, nami nikafungua barua ya Madame Solange. Ilikuwa fupi. Kimepatikana kiti kimoja. Nitumie jina.

Kwako siwezi kujipamba. Niliandika jina langu. Niliandika lote, la baba na la babu, na kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilijiambia mimi ndiye mwajiriwa, kiti kimeombwa kwa kazi yangu, nikifika huko nitamtafutia Zabibu njia. Niliogopa, Mama. Zabibu akauliza kutoka barazani, "Yaya, imekubali?" Nikamjibu bado. Nilimdanganya taa zote nne zikiwa zinawaka.

Ndipo geti likagongwa, na sauti ile ikaomba maji.

Zabibu aliingia mbio, akapita chini ya meza, akajikunja miguuni pangu. Nje nilimsikia Papa Deo akisema, "Chef, hapa mayi ilikauka tangu jana. Kamata sigara." Wakawa wanaongea, yule anacheka, na kichwa cha mwanao kinatetemeka kwenye magoti yangu. Nikalifuta jina langu herufi kwa herufi. Nikaandika la Zabibu. Nikatuma. Usinisifu kwa hilo. Kama yule mtu angechelewa dakika moja, jina langu lingekuwa limeshaondoka.

Barua ilipoanza tu kwenda, taa ya nne ikazimika, kisha ya tatu na ya pili. Mafuta ya jirani yamekwisha, na hajui atapata lini mengine. Saa sita imepita. Jibu halikuja. Yule askari alipoondoka nikamuuliza Papa Deo kama jina limefika, akakuna kichwa. "Maman, siwezi kukudanganya. Labda ilienda, labda ilibakia mu njia."

Kesho alfajiri atampeleka Kavumu kwa pikipiki ya ndugu yake, wakisimamishwa atasema ni mpwa wake. Pikipiki haibebi wa tatu.

Nisalimie Mjomba Ramadhani, ndugu yako wa dukani, umwambie asiuze tena cherehani yangu. Msalimie Bibi, mzaa baba, umpigie kelele sikioni ili asikie kwamba ni mimi. Na wifi yangu, mke wa Kaka Idi, hongera kwa mtoto ambaye sijamwona.

Barua hii nimempa Zabibu aikabidhi mkononi mwako. Hafungui barua za wakubwa. Akirudishwa uwanjani itarudi naye, nami nitaitia motoni. Kwa hiyo ukiisoma, wewe umejua kabla yangu kwamba jina lilifika. Limebaki jambo moja. Yeye hajui kwamba kiti kilikuwa kimoja. Nilimwambia mimi nimeandikwa kwenye ndege ya pili, ndiyo maana amekubali kwenda. Amefunga na kanga zangu mbili ili nizikute huko.

Hakuna ndege ya pili, Mama. Mwambie wewe, lakini mpe chakula kwanza.

Mwanao,
Mwajuma